Zambarau

Kijitabu kilirudi na baba, gadi wa treni ya Kisumu,
kimeokotwa chini ya kiti, behewa la daraja la kwanza,
dirisha wazi, mvua ya Londiani imekinywesha usiku kucha.
Mama alikianika kambani kati ya soksi na shimizi.
Kilipokauka kilikuwa kimevimba kama mkate,
kinalia kwaru kila ukifunua.

Kiingereza chetu kiliishia kwenye salamu za mwalimu,
kwa hiyo Kageha, dada yangu wa darasa la tatu,
alikisoma kwa macho:
kila kiputo cha maneno alikitia maneno yake.
Shujaa, kwa kile kidevu, akamwita Tindo.
Roboti wake akamwita Sufuria.
Adui hakupewa jina. Alifanana na karani wa nyumba
anayekuja na daftari la kodi kila tarehe tano,
basi tulimchukia bila kufundishwa.
Na joho la Tindo lilikuwa zambarau,
zambarau ile ya mijakaranda ya Nakuru mwezi wa kumi,
inapotandika barabara ya stesheni
na wafagiaji wanatukana.

Kisha Baba Apondi akanunua televisheni.
Miguu minne, milango miwili, kufuli;
juu yake kitambaa, juu ya kitambaa ndege wa kaure.
Landi nzima ilijua: Jumatano, saa kumi na moja na nusu, katuni.
Mama Apondi alisimama mlangoni na ndoo.
Onyesha wayo wa kulia. Haya, wa kushoto.
Vumbi jeupe la ziwani halikuingia nyumba ile.
Kiilu alirudishwa mara mbili; mara ya tatu akaja
amevaa pakiti za maziwa miguuni,
anatembea kama aliyeshuka mwezini.

Kioo kilichelewa, kikanguruma, kikatema chenga,
halafu
Tindo!
Yule yule, ila sasa anapepesa macho,
ila sasa anakimbia mbele ya mlima
ambao ulipita, ukapita tena, ukapita mara saba.
Akisema, mdomo tu ndio unaocheza, mwili umeganda
kama mtoto anayepimwa shati.
Na sauti ilikuwa nzito, ya mtu aliyeshiba.
Kageha alikuwa amempa sauti ya mafua.

Na joho, kijivu.
Anga kijivu, moto kijivu, karani kijivu.
Tulitazamana kama watu walioletewa jeneza lisilo lao.

"Zambarau," Kageha akanong'ona.
Kichwa kimoja kikageuka.
"Hapo ni nyasi. Sufuria ni shaba, ana kutu shingoni.
Moto bado ni njano, ngoja, ngoja... chungwa."

Jumatano ya tatu nusu ya watoto
walikuwa wameipa televisheni mgongo,
wanatazama mdomo wake.
Hata Mama Apondi, ndoo mapajani:
"Na viatu, Kageha?"
"Hudhurungi. Cha kushoto kina kiraka."
Kiraka hicho mimi sikukiona kitabuni.
Sikusema.

Juzi mwanangu, simu mkononi, amelala chali kwenye kochi:
"Baba, njoo uone hii ya zamani."
Wameisafisha. Hakuna chenga, hakuna ngurumo.
Mlima ulipita. Nilihesabu. Mara saba.
Joho lilikuwa jekundu,
jekundu kama bendera ya baba,
ile ya kusimamisha treni.

Nilimpigia Kageha. Yuko Mbale, ana duka la mbegu.
"Jekundu?"
Nilisikia maharagwe yakiacha kumiminika kwenye mizani.
Alikohoa, au alicheka, sijui.
"Wamekosea," akasema.
"Na kiraka je, wamekiweka?"