Pembe ya Kimya

Kelele niliyoinunua naijua.
Ilinigharimu mishahara miwili ya kupakua shehena Kilindini:
kisanduku cha chuma, rangi ya chungwa, kifundo kimoja kimevunjika.
Ukikikanyaga, gitaa linararuka kama turubai.
Hiyo naitaka. Hiyo niliikopea.

Ni hii nyingine,
inayofika kabla sijapiga chochote
na kukaa kwenye spika kama mgeni asiyejua saa ya kuaga:
mvumo, mnene, nyuki ndani ya ukuta;
juu yake msonyo mrefu,
kana kwamba amplifaya imechoshwa nami;
na nikisogeza waya, mkwaruzo.
Nyamawi akaweka vijiti vya ngoma chini.
"Mwenzangu, hujaanza,
na tayari umeshakosea."

Nikabeba furushi hadi Mwembe Tayari
kwa Mejumaa, fundi wa redio,
miwani yake imeungwa kwa uzi wa kushonea.
Hakuuliza napiga muziki gani.
"Toa vyote. Gitaa na spika, waya mmoja baina yao.
Sasa rudisha kimoja, nyamaa, usikize.
Kisha kingine.
Kelele hazishikwi kundi zima, mwanangu.
Hushikwa mlangoni, zikipita moja moja."

Ya kwanza ilikuwa adapta ya bei ya chapati,
iliyonyonyesha pedali nne kwa titi moja,
kila moja ikimpokonya mwenzake na kulia.
Ile ya chungwa akaipa betri yake peke yake.
Ikatulia, mtoto aliyetengewa sahani.

Ya pili, soketi ya waya, kijani kwa chumvi.
(Hewa ya mji huu hutafuna hata kilichofungiwa kabatini.)
Akaipangusa kwa spiriti, akadondosha risasi,
moshi akaupuliza kando bila kuutazama.

Ya tatu nilikuwa mimi.
Kifundo cha ukali nilikizungusha hadi mwisho wake.
"Punguza.
Zaidi.
Mbona waogopa?"
Nikafika nusu. Sauti ikabaki na meno yake yote;
msonyo sikuuona ulikopitia.

Halafu ndani ya tumbo la gitaa akabandika karatasi ya shaba,
akiilaza kwa ukucha, kona kwa kona,
kama anayejalidi madaftari mwezi wa Januari.

Nyumbani, Tudor, nikaunganisha.
Mvumo. Mdogo, lakini ule ule.
Nikazima taa ya mrija. Nikazima feni, jasho likanitiririka.
Nikachomoa chaji ya simu.
Nikilaza kiganja juu ya nyuzi, unapungua;
nikiachia, unarudi.

Nikazunguka upande wa pili wa ukuta.
Pale, kwenye waya ule ule wa umeme,
friza ya mamangu, mlango umefungwa kwa kamba,
ndani barafu za ukwaju na za ubuyu,
shilingi kumi kumi,
zilizonilipia karo na, tuseme kweli,
nyuzi za kwanza za gitaa hili.
Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye plagi.
"Wataka nini hapo?"
"Hapana. Naangalia tu."

Basi nimetafuta pembe.
Gitaa halisikii sawa kila upande:
nikielekea mlangoni, linavuma;
nikielekea Makupa, linanung'unika;
nikisimama bega la kushoto dirishani,
mgongo kwa kabati, shingo imepinda
kama anayechungulia kwa jirani,
mvumo unakonda hadi kuwa unywele.
Nimetia alama ya chaki sakafuni.
Nyamawi anacheka: mpiga gitaa gani huyu
anayecheza akilitazama kabati?

Na kila baada ya robo saa hivi
friza hujizima yenyewe,
hutetemeka, hushusha pumzi,
na chumba kizima hufunguka.
Hapo nakanyaga kisanduku cha chungwa.
Nina kama dakika nne.