Neno kwenye Kibao cha Plastiki

Hexham, Novemba, saa kumi alasiri na tayari giza.
Cuthbert Heslop anausukuma mlango wa kitalu cha miche,
chungu mkononi, kama mtu anayerudisha viatu vilivyombana.
"Limekufa," anasema.
Doreen anafutia udongo kwenye aproni. "Risiti unayo?"
Risiti anayo. Anacho na kibao chembamba
kilichokuwa kimechomekwa kando ya shina,
na juu yake neno moja: PERENNIAL.
"Nimelitafuta kwenye kamusi. Lenye kudumu, imesema.
Sikutaka ua la msimu. Ya msimu nayaelewa.
Nilitaka Enid awekewe kitu kisichoondoka."

Hapa mimi mwandishi nakwama na kalamu yangu,
maana neno hili nimelivisha nguo za kwetu, zote zinalipwaya.
Milele ni pana mno, haina kuta.
Daima huapiwa na wapenzi, ikifika Jumatatu imechakaa.
Sugu ni ya maradhi, na ya magoti.
Kudumu ndilo, nusura;
lakini dumu nalo ni chombo:
hujaa maji, huisha maji, hurudi bombani.
Labda lugha ilijua.

Doreen hana haja ya kamusi. Anakiinamisha chungu,
anakigonga kitako mara mbili, pu, pu,
donge linatoka na mizizi minene kama vidole vya mwoka mikate.
"Tazama hapo."
Shingoni mwa mzizi, macho mekundu, madogo, matano, yamefumba.
"Neno halisemi halifi. Neno linasema miaka.
Linapita ndani ya miaka, kama uzi ndani ya shanga.
Juu litanyauka. Sharti linyauke.
Ukiliona kijani mwezi wa Januari, hilo ni la plastiki.
Nayo ninauza. Kule, karibu na kadi za pole."

Cuthbert hacheki. Anayahesabu macho kimoyomoyo, anarudia.
Miaka arobaini na minne Enid alinyamaza kila Novemba,
siku tatu, nne, bila sababu ya kutajika;
kisha asubuhi moja birika likasikika jikoni,
naye akipiga mluzi, vibaya.
Hakuwahi kumuuliza alikokuwa.

"Nikurudishie pesa?"
"Acha."

Anakipakata chungu ndani ya koti,
chungu kisicho na jani hata moja.
Kituoni mtoto anamuuliza amebeba nini.
"Udongo," anasema.
Basi linakuja, taa zake zimeloa.
"Kwa sasa."