Ufunguo wa Valvu

Mimi ndiye ninayefungua.
Jumanne nawapa Kange, Alhamisi Kilima Mbuzi,
Jumapili, kabla ya adhana ya alfajiri,
nawapa wa barabara ya Pongwe saa tatu tu, wakinge walale tena.
Ufunguo wangu ni chuma chenye umbo la T,
urefu wake wanifika kifuani,
na watoto huniita Baba Mvua.
Mama zao wana jina jingine. Silitaji.

Bomba la Kilima Mbuzi ni la inchi nne.
Nililifukia mwenyewe, mimi na marehemu Sekimweri,
mwaka ambao kule juu palikuwa na nyumba kumi na tisa,
katani iliyoachwa bila kukatwa, na kanga wakitaga humo.
Inchi nne zilitosha. Yalibaki hata ya kumwagilia michungwa.

Siku hizi nahesabu mapaa hadi nachoka.
Kila wiki vigingi vipya, vyekundu kichwani,
kila kigingi kina namba,
kila namba ina risiti,
na nyuma ya risiti yupo mtu aliyeuza ng'ombe, au aliyekopa Saccos,
akaambiwa na dalali: "Maji? Bomba si lile pale?"
Bomba ni lile. Dalali hakudanganya.
Lipo, kama sufuria lilivyopo
kwenye nyumba isiyo na unga.

Ofisi ya maji na ofisi ya ardhi zatazamana.
Nimepima kwa miguu: hatua hamsini na nne,
ukikizunguka kibanda cha mihogo, hamsini na saba.
Upande huu injinia Mwanjaa anayo ramani yake:
mabomba yote, matangi yote, hata lile
tutakalojenga tukipata fedha, limechorwa kwa nukta nukta.
Upande ule Semhando anayo ya kwake:
viwanja, shule, zahanati, misikiti miwili, kanisa,
kila anachohitaji mja isipokuwa kiu yake.
Miaka kumi na moja
ramani hizi hazijaamkiana.

Ndipo mchimba msingi akalipasua bomba kuu,
maji ya siku mbili yakateremka barabarani,
watu wakiyakinga kwa mabeseni, kwa kofia, wakicheka,
na Mwanjaa akakunja karatasi, akanipa:
"Vuka. Kamwonyeshe."

Meza ya Semhando haikuwa na nafasi.
Tukazibandika dirishani, moja juu ya nyingine,
jua la saa nne likapenya zote mbili,
nikauona mji ninaoutumikia:
mabomba chini ya vitanda,
valvu yangu ya Alhamisi katikati ya sebule ya mtu,
na zile nukta za tangi, kileleni,
mahali pekee maji yangeshuka kwa watu wote bila pampu,
zimekaa sawasawa juu ya viwanja namba mia mbili kumi na nne
hadi mia mbili kumi na tisa.
"Vimeshauzwa," akasema.
Nje mihogo ilikuwa ikikaangwa.
Kisha, taratibu: "Mbona hamkusema?"
"Mbona hamkuuliza?" nikajibu, mimi, mfungua valvu,
na sauti yangu ikanitisha.

Sasa hukutana kila Jumatano, chai kwa zamu.
Kiwanja kipya hakipimwi mpaka Mwanjaa atie sahihi;
hilo limepita. La tangi bado wanabishana,
na fidia haina fungu.

Kiwanja namba mia mbili kumi na sita kina msingi tayari,
matofali ya kuchoma, na mche wa mlangilangi.
Ni changu.
Nilikipenda kwa upepo wake,
nikijua, mimi wa kujua, kwamba maji hayafiki.
Nilidhani ufunguo ninao.

Jana Semhando kaniuliza kama nitahama.
Leo ni Alhamisi. Nimezungusha mara nne,
nimelaza sikio kwenye chuma:
yanapanda, yapite kwa Mama Kibibi, yapite shuleni,
yanapanda, yakipungua sauti,
mpaka pale yanapoishia siku zote,
hatua chache chini ya ukuta wangu.