Mshika Mbili

Lori la kokoto liligonga nguzo ya kona
hapa Tabata Kisukuru, saa nne asubuhi.
Nguzo haikuanguka. Iliinama tu,
kama mtu aliyedondosha funguo,
na nyaya zetu zote zikalala matopeni.

Nilikuwa namfundisha Haruka methali.
Yuko Kobe; kwake ni saa kumi jioni.
"Mshika mbili," nikatamka polepole,
naye akafungua kinywa arudie,
akaganda pale pale kwenye "mbi",
kama samaki wa friji.

Sikuogopa. Nina laini mbili.
Kandidi hunicheka kila mwisho wa mwezi:
"Faiba mbili, vyumba vitatu!
Umeolewa na mimi au na ruta?"
Nikageukia ya pili kwa madaha.
Taa nyekundu.
Nikaitazama ya kwanza. Nyekundu.

Kampuni mbili, ankara mbili,
vijana wawili wenye fulana za rangi mbalimbali,
kila mmoja akiapa mwenzake ni mwongo,
na nguzo
moja.
Nimenunua miguu miwili
nikaivika kiatu kimoja.

Fundi Ndelwa alikuja Jumamosi, misumari mdomoni.
Akapanda juu ya bati na antena,
akaigeuzageuza mpaka ikauona mnara wa upande wa Segerea.
Chini, kando ya pipa la maji,
akaweka betri, na kisanduku kisichozidi sahani ya chai
ambacho kazi yake ni kuchagua njia.
Akatema msumari kiganjani, akasema:
"Ya pili isijuane na ya kwanza.
Isipite mtaa wake, isinywe umeme wake.
Zisizikwe siku moja."

Kisha: "Chomoa."
Nilisita. Nani huchomoa kitu kizima?
"Chomoa, mama. Ukiogopa kujaribu
utajaribiwa."
Nikachomoa. Nikahesabu kimoyomoyo:
tatu… tano… saba.
Kijani.
Sebuleni Kandidi anatazama mpira,
anamtukana refa bila kukatizwa.
Hakujua lolote.
Sifa ya kazi ile ndiyo hiyo, na ndiyo maana
hakuna aliyemsifu fundi ila mimi,
kwa elfu thelathini na chapati mbili.

Jumatatu Haruka akauliza
methali yetu iliishia wapi.
"Moja humponyoka," nikamwambia.
Akaandika. Akalamba ncha ya kalamu.
Kisha, kwa Kiswahili chake kisicho na haraka:
"Basi, mwalimu, moja inabaki."

Miaka kumi na minne naifundisha kama onyo.
Nje, nguzo bado imeinama;
wameifunga kamba, wakasema watarudi.
Nilikuwa bado natafuta la kumjibu
feni ikaanza kupungua mwendo, ikasimama,
friji ikanyamaza, mtaa mzima ukaguna "aaah!"

Haruka alikuwa akicheka.
Akaendelea kucheka.
Hakuganda.