Maji Yenye Njaa

Wageni wakifika Lauvdal huteka kwa viganja,
hunywa, hufumba macho: "Haya ndiyo maji!"
Mimi hutabasamu tu.
Miaka kumi na tisa nimeshika funguo za mtambo huu,
nayajua maji haya kama ujuavyo
tabia ya shemeji mzuri wa sura.

Yalizaliwa na theluji, yakateremka juu ya itale,
mwamba bahili usiotoa hata chembe.
Yakatufikia matupu, laini kama hariri,
na njaa tele.

Mwenye njaa hana miiko.
Yalianza na shaba.
Beseni la Torgunn likachorwa mstari wa kijani chini ya bomba,
kahawa yake ya asubuhi ikawa na ladha ya sarafu,
na nywele za bintiye, nyeupe kama kitani,
zikageuka rangi ya kuvu
wiki moja kabla ya kipaimara.
Alinipigia simu. Hakusalimu.

Kikao kikajaa. Eilif akasimama, kofia mkononi:
"Maji safi hivi, nanyi mnataka kuyatia mawe?"
Sikujibu. Nilikuwa na kipande cha bomba mfukoni,
nilikikata mwenyewe chini ya jiko la shule.
Nikakiweka mezani. Akakibonyeza kwa kidole gumba,
kidole kikatokea upande wa pili.
Chovya chovya, nikasema.
Akaketi.

Tukajenga tangi, tukalijaza marumaru iliyopondwa,
chenga nyeupe, kila moja kama punje ya mbaazi,
kutoka machimbo yale yale
yanayotuchongea mawe ya makaburi.
Maji hupanda humo polepole, yakila.
Humumunya chokaa, hushiba, hutulia,
ukali wake huisha.
Yakiingia mitaani hayana tena haja
na ukuta wa bomba la mtu.

Kila Oktoba tunajaza upya: tani mbili zimekwenda.
"Zimekwenda wapi?" aliniuliza Jostein,
kijana wangu wa kazi, koleo begani.
Nikamwambia: anza kutafuta kwenye meno yako.

Wageni hawajaona tofauti. Wanafumba macho vile vile.
Mimi nimeiona kwenye birika.
Juzi, chini kabisa, lilikuwa limevaa utando mweupe,
mwembamba kama pumzi juu ya kioo.
Mume wangu akachukua siki, alisugue.
Nikamshika mkono.
Liache.