Tabaka la Tatu

Bi Raya Faki kaileta injini kwa gari la ng'ombe,
imelazwa juu ya magunia mawili ya makumbi,
kutoka gatini Wete hadi mlangoni kwangu Jadida.
"Fundi," kasema, "ipake. Lakini ipake kweli.
Rangi ya kupendeza ninayo kwenye kanga."

Nikaanza kwa maji. Watu hudhani kazi ya rangi ni rangi.
Nilikinga mvua ya juzi kwenye pipa,
nikaiosha mara tatu, kila mara nikilamba kidole:
ya kwanza chumvi, ya pili chumvi,
ya tatu ladha ya chuma tu, kama damu ya fizi.
Chumvi ukiifunika haifi.
Hukaa chini ya rangi kama deni chini ya godoro,
inazaa.

Kisha tindo, brashi ya waya, msasa namba sitini.
Matundu ya mafuta nimeyaziba kwa vitambaa,
kibao cha namba nimekivisha tepu.
Tabaka la juu buluu, la mtu mwenye haraka:
liliondoka kwa kucha.
La pili jekundu, limekauka na mchanga ndani yake.
La tatu kijani.
Hapo mkono ukasita.

Kijani kile hakiuzwi dukani.
Nilikichanganya mwenyewe, njano ya milango ya skuli
na masalio ya buluu ya madirisha ya kina Mbwana,
mwaka ule karafuu zilipokosa bei.
Na ndani yake, kama unywele kwenye andazi,
uzi mmoja mweusi wa brashi yangu.

Ussi Makame alitaka kuiuza kabla ya Ijumaa.
"Hapa ubavuni pana kidonda," nilimwambia.
"Kidonda hufungwa," akajibu,
akaongeza noti mbili juu ya zile tatu.
Nikakijaza puti, nikakisugua, nikapaka.
Iling'aa, yakhe!
Iling'aa hata mimi nikaiamini.

Sasa tindo ikaigonga puti ile.
Ikabanduka nzima, kigaga cha kiganja kizima,
na chini yake tundu la kupitisha kidole cha mtoto,
pale maji ya kupoza yanapopita.
Kutu ilikula polepole, haina mtu wa kuiharakisha,
huku juu wanunuzi wakibadilishana rangi.

Nikakumbuka habari ya mwaka juzi:
mashua ya Bi Raya kuzimika kati ya Wete na Fundo,
wanafunzi kumi na moja wakifua maji kwa mikoba ya skuli,
mmoja akilia kwa sababu ya daftari la hesabu.
Walifika. Alhamdulillahi, walifika.
Watu walisema mkondo. Watu walisema kuna kitu pale kina njaa.
Hakuna aliyesema puti.

Shaame wa kuchomelea alitia kiraka, siku nzima,
akiipasha moto taratibu chuma isipasuke.
Nikapaka praima ya zinki, nikangoja usiku upite.
Nikapaka tena. Kona kwanza, na shingo za nati,
huko ndiko kutu inakobisha hodi.
Kisha kijivu, ile nzito ya vyombo, mikono miwili,
na kila nilipotaka kuharakisha
nilikwenda kunawa mikono ambayo haikuwa michafu.

Bi Raya alikuja Jumatatu baada ya alasiri.
Nikampa ile puti, imefungwa kwenye gazeti.
"Nini hii?"
"Kazi yangu."
Nikamweleza. Si yote kwa mpigo; koo lilikuwa kavu.

Hakutukana. Afadhali angetukana.
Aliipima mkononi kama mtu anayenunua pweza,
akaifunga kwenye pindo la kanga, fundo mbili.
"Na chini ya hii mpya kuna nini?"
"Chuma," nikasema. "Chuma tu."

Akatoa ufunguo wa nyumba yake,
akainama, akakwaruza ubavuni
hadi weupe wa chuma ukaonekana.
Sikumzuia.

Alipokwenda kumwita mwenye ng'ombe
nikafungua tena kopo la praima.