Mshale wa Sekunde

Wamono, usiing'arishe.
Najua uso mpya unao,
mweupe kama kanzu ya Idi.
Niachie huu wa manjano, wenye doa pale penye tisa
kama tone la chai ya maziwa.
Baba aliivaa akihesabu magunia ya kahawa
ghalani, nyuma ya stesheni ya Mbale;
kila mkwaruzo wa kioo una gunia lake.

Kichwa cha kutilia ufunguo kimelika, sawa,
kibadilishe. Lakini cha zamani nipe,
ndani ya kiberiti, na skrubu zake.
Nimeziona saa za wakusanyaji kule Kampala:
jina la kale, matumbo ya kubandika.

Akabana lenzi jichoni, akanyamaza.
Mvua ya Wanale ikagonga bati.
"Huu mshale wa sekunde si wa saa hii.
Mfupi. Ni wa saa ya kike.
Wenyewe hasa ninao, humu koponi."

Nikaikumbuka saa ya mama,
aliyoivaa kanisani miaka yote
bila mshale wa sekunde.
Ukimuuliza: "Sekunde zangu anazo baba yako."

Funga kopo, fundi.
Huo usiuguse.